Kukokotoa umbali kati ya koordineti mbili kwa COBOL: kanuni ilikuwa sahihi, lakini ghala la Mwanza likahamia Gulu

FundiAnkara

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Kampuni ninayofanyia kazi inasambaza vifaa vya ujenzi kutoka maghala matatu, yaani Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza, na mfumo wake wa ankara uliandikwa kwa lugha ya programu ya COBOL wakati mimi bado nasoma shule ya msingi. Siku hizi mfumo huo unakaa kwenye seva ya Linux na kompaila (programu inayougeuza msimbo uwe lugha ya mashine) ni GnuCOBOL, lakini msimbo wenyewe ni uleule wa zamani, na zipo kurasa zake ambazo hakuna anayethubutu kuzigusa. Nauli ya mzigo hupangwa kwa kanda: mteja aliye ndani ya kilomita 50 kutoka ghalani hulipa bei ya kanda ya kwanza, hadi 150 ya pili, hadi 250 ya tatu, na kuendelea hivyo. Umbali unaotumika ni wa mstari ulionyooka, unaokokotolewa kutokana na latitudo na longitudo za ghala na za mteja.

Mwezi uliopita tulianza kupeleka mzigo Kampala. Mhasibu wetu, dada ambaye hupitia ankara moja baada ya nyingine kabla hazijatoka, alinijia na karatasi mkononi akaniuliza kwa upole, "Kaka, Mwanza hadi Kampala ni kilomita 248 kweli?" Nilimjibu kwamba mashine haikosei hesabu. Sasa naomba niwasimulie jinsi jibu hilo lilivyoniumbua, kwa sababu naamini kuna wengine humu wenye mfumo wa aina hii ambao kosa lao bado limelala.

Nilianza kwa kuishuku kanuni. Programu inatumia kanuni ya haversini, ile ya mabaharia, ambayo huichukulia dunia kuwa tufe lenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371. Nilichukua koordineti za Mwanza (−2.52, 32.90) na za Kampala (0.31, 32.58), nikakaa na kikokotoo na kalamu, nikapata kilomita 316.7. Programu ilikuwa ikitoa 248.3. Tofauti ya kilomita 68 haiwezi kuitwa ya ukadiriaji, na ubaya wake ni kwamba 248 huangukia kanda ya tatu wakati 316 iko nje kabisa ya kanda hiyo. Nikausoma msimbo wa kanuni mstari kwa mstari kwa siku mbili. Haukuwa na kosa.

Kosa lilikuwa kwenye sehemu ambayo macho yangu yaliipita kila mara, yaani mahali pa kutangaza nyuga:

```
05  LATI-MTEJA     PIC 9(3)V9(6) COMP-3.
05  LONGI-MTEJA    PIC 9(3)V9(6) COMP-3.
```

Hakuna herufi S baada ya PIC, neno linalotangaza umbo la uga. Wale wasioijua lugha hii waelewe kwamba katika COBOL uga wa nambari usio na S hauna alama ya kujumlisha wala ya kutoa. Ukiuhamishia −6.8, huweka 6.8, haulalamiki, hauandiki onyo lolote, na programu inaendelea na kazi yake. Kwa hiyo latitudo zote za kusini mwa ikweta ziligeuzwa kuwa za kaskazini tangu siku ya kwanza ya mfumo.

Mtauliza kosa la namna hiyo liliishije miaka yote bila kuonekana. Hapo ndipo penye uhondo. Tanzania yote iko kusini mwa ikweta. Ukiziondolea alama latitudo zote, unaigeuza nchi nzima kama picha kwenye kioo: ghala la Dar es Salaam linahamia Ethiopia kwenye milima ya Bale, la Mwanza linahamia Uganda ya kaskazini, kusini-mashariki mwa Gulu, na wateja wote wanahama pamoja na maghala yao. Umbali kati yao haubadiliki hata kwa mita moja. Dar es Salaam hadi Dodoma ilikuwa kilomita 397 kabla ya kugeuzwa na ikabaki 397 baada ya kugeuzwa. Kioo kilikuja kuvunjika siku tulipompata mteja aliye kaskazini mwa ikweta kwelikweli. Yeye alibaki Kampala mahali pake, lakini ghala la Mwanza, kwa macho ya programu, lilikuwa Gulu.

Nimerekebisha, na msimbo ninaotumia sasa ni huu:

```
01  WS-MAHALI.
    05  LATI-A     PIC S9(3)V9(6) COMP-3.
    05  LONGI-A    PIC S9(3)V9(6) COMP-3.
    05  LATI-B     PIC S9(3)V9(6) COMP-3.
    05  LONGI-B    PIC S9(3)V9(6) COMP-3.
01  WS-HESABU.
    05  RADI       COMP-2.
    05  D-LATI     COMP-2.
    05  D-LONGI    COMP-2.
    05  HAVA       COMP-2.
01  UMBALI-KM      PIC 9(5)V99.

COMPUTE RADI = 3.14159265358979 / 180
COMPUTE D-LATI  = (LATI-B - LATI-A) * RADI
COMPUTE D-LONGI = (LONGI-B - LONGI-A) * RADI
COMPUTE HAVA =
    FUNCTION SIN (D-LATI / 2) ** 2
  + FUNCTION COS (LATI-A * RADI)
  * FUNCTION COS (LATI-B * RADI)
  * FUNCTION SIN (D-LONGI / 2) ** 2
IF HAVA > 1
    MOVE 1 TO HAVA
END-IF
COMPUTE UMBALI-KM ROUNDED =
    2 * 6371 * FUNCTION ASIN (FUNCTION SQRT (HAVA))
```

Naomba wenye uzoefu waukague. Nina maswali mawili. La kwanza, je, kuna mtego mwingine wa namna hii ambao bado sijauona? La pili, je, kuna sababu ya kuiacha haversini na kwenda kwenye kanuni nzito zaidi, ikiwa lengo ni kupanga kanda za nauli tu?

---

NeemaKompaila

Mkuu, hongera kwa kulisaka kosa hadi mwisho, na hongera zaidi kwa mhasibu wenu.

Kabla sijajibu maswali yako, nakuomba uniambie jambo moja. Umeongeza S kwenye tangazo la uga, sawa, lakini faili la wateja lililopo umelifanyaje? Katika COMP-3, yaani mtindo wa kubana tarakimu mbili kwenye kila baiti, alama hukaa kwenye nusu ya mwisho ya baiti ya mwisho: C ni ya kujumlisha, D ni ya kutoa, na uga usio na alama huandikwa F. Rekodi zako za zamani zote zina F. Ukizisoma kwa tangazo jipya lenye S, zitasomeka kuwa chanya, kwa hiyo wateja wako wote wa zamani bado wako kaskazini mwa ikweta. Mteja mpya utakayemwandikisha leo Morogoro atakuwa kusini, ghala lake litakuwa kaskazini, na kosa litakuwa kubwa kuliko lile ulilolitibu.

---

FundiAnkara

Dada Neema, umenishika pabaya. Hilo lilinipata asubuhi ileile niliyoweka marekebisho. Ankara ya kwanza kutoka ilimpa mteja mpya wa Chalinze umbali wa zaidi ya kilomita 1,400 kutoka Dar es Salaam, na mhasibu hakuhitaji hata kuuliza swali. Alinitazama tu.

Bahati nzuri kuongeza S hakubadilishi urefu wa uga, kwa kuwa tarakimu tisa pamoja na alama hukaa kwenye baiti tano vilevile, na hivyo sikulazimika kubadili umbo la faili. Niliandika programu ndogo ya kupita rekodi zote na kuizidisha latitudo kwa −1 pale ambapo msimbo wa nchi ni Tanzania. Kwa wateja wa Uganda sikuweza kufanya hivyo, kwa sababu ikweta inapita ndani ya nchi hiyo: Kampala iko kaskazini yake na Masaka iko kusini. Hao niliwaingiza upya kutoka kwenye fomu zao za karatasi. Tungekuwa na wateja wa Kenya ingekuwa hivyo hivyo, maana Kisumu na Eldoret zimetenganishwa na ikweta. Nimejaribu kukokotoa: umbali halisi kati ya miji hiyo miwili ni kilomita 87, na kwa nyuga zisizo na alama ingetoka 73.

---

MzeeWaKadi

Vijana, hamjambo.

Nimefanya kazi na lugha hii tangu enzi za kadi za matundu, na napenda kuongeza mambo mawili ambayo hayako kwenye vitabu vyenu vya siku hizi.

Kwanza, shukuruni kwa kuwa na FUNCTION SIN. COBOL ilibuniwa mwaka 1959 kwa ajili ya hesabu za biashara, yaani mishahara, bidhaa na madeni, na waliokaa kuibuni hawakuona karani wa mishahara atahitaji sini na kosini za nini. Kazi za namna hiyo ziliachiwa Fortran, lugha ya hesabu za kisayansi. Vitendakazi hivi viliingia rasmi mwaka 1989, kama nyongeza ya kiwango cha mwaka 1985. Kabla ya hapo, aliyetaka sini aliiandika mwenyewe kwa mfululizo, x ukitoa x kwa kipeo cha tatu gawanya kwa 6, na kuendelea, au alibeba jedwali zima kwa OCCURS, neno la COBOL la kutangaza jedwali. Nimekutana na mifumo ambayo bado ina majedwali hayo, tena yenye tarakimu nne tu za desimali, na watu wanahangaika kutafuta kosa kwenye koordineti.

Pili, nauona msimbo wako umeupanga kwa mistari mifupi. Endelea hivyo hivyo, na usiiunganishe. Kama kompaila yako inasoma kwa mpangilio wa kadi, kila kinachopita safu ya 72 hakisomwi. Safu ya 73 hadi ya 80 ziliwekwa kwa ajili ya kitambulisho cha programu, na namba za kuzipanga kadi zilikaa safu ya 1 hadi ya 6, ili sanduku likianguka na kadi zikatawanyika uweze kuzipanga tena. Kadi zimekwisha, sheria imebaki. Niliwahi kuitwa kutazama kanuni kama hii ambapo mtu aliiandika kwa mstari mmoja mrefu, na ile kosini ya pili ikaangukia safu ya 74. Mstari uliobaki ulikuwa na maana kamili kisarufi, hivyo kompaila haikusema neno.

---

NeemaKompaila

Shikamoo mzee. Habari hiyo ya kosini ya pili inanifurahisha na kunitisha kwa pamoja. Nimeijaribu kwa Dar es Salaam na Dodoma. Kwa kanuni kamili ni kilomita 397.3, na ukiondoa kosini ya pili inakuwa 398.4. Nani atagundua? Sisi tunaoishi karibu na ikweta kosini zetu zote zinakaribia 1, kwa hiyo kanuni iliyovunjika inafanana na kanuni nzima. Msimbo huohuo ukiupeleka Oslo, ambako latitudo ni karibu 60 na kosini ni nusu, unaharibika siku ya kwanza. Latitudo zetu zinasamehe sana, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu makosa yetu yanaishi miaka mingi.

Sasa nirudi kwenye swali lako la kwanza, Fundi. Mtego ninaouona mara nyingi kuliko yote ni wa kuyaweka matokeo ya katikati kwenye nyuga za desimali za kawaida. Wewe umetumia COMP-2 kwa HAVA, ambayo ni nambari yenye nukta inayohama, na umefanya vyema. Lakini mtu aliyezoea fedha hupenda kutangaza kila kitu kwa PIC, na mazoea hayo yanafaa kwa shilingi ila hapa yanaua. HAVA ni nambari ndogo mno. Kwa maduka mawili ya Kariakoo yaliyo umbali wa mita 500, thamani yake ni kama 0.0000000015. Ukiiweka kwenye PIC 9V9(8), tarakimu zote zinakatwa na inabaki sifuri, na maduka hayo mawili yanakuwa juu ya jiwe moja.

Unaweza kukokotoa ni wapi hasa umbali unaanza kupotea. Kwa desimali nane, chochote kilicho chini ya kilomita 1.27 huwa sifuri. Kwa desimali sita, chochote kilicho chini ya kilomita 12.7. Kwa desimali nne, ambazo mtu aliyelelewa na riba za benki huziona nyingi sana, kila kilicho chini ya kilomita 127 hutoweka, na Dar es Salaam na Zanzibar, ambazo zimeachana kwa kilomita 71, zinakuwa mji mmoja. Hata juu ya kiwango hicho matokeo hayaongezeki polepole, bali hupanda kwa ngazi, na mtu anabaki akishangaa kwa nini wateja ishirini wa miji tofauti wana umbali unaolingana hadi mita.

Mtego mwingine uko mwishoni, kwenye uga wa kupokelea jibu. Wewe umeweka PIC 9(5)V99, na nafasi hiyo inatosha. Nimewahi kuona PIC 9(3)V99, kwa hoja kwamba hakuna mteja aliye mbali zaidi ya kilomita 999. Dar es Salaam hadi Kigoma kwa mstari ulionyooka ni kilomita 1,088.5. COBOL inapokosa nafasi kwa kawaida hukata upande wa kushoto, ikaacha 088.50, na Kigoma ikawa jirani wa Bagamoyo. Weka ON SIZE ERROR, yaani agizo la kufuatwa jibu lisipotosha kwenye uga, kwenye ile COMPUTE ya mwisho hata kama unaona haitahitajika. Ungeniuliza kuhusu kuacha ROUNDED, neno la kukadiria tarakimu ya mwisho, ningekwambia kwamba ni kosa pia, lakini lile ni la mita kumi, halimfilisi mtu.

---

Mpimaji37S

Nimekuwa msomaji tu wa jukwaa hili, lakini uzi huu umegusa kazi yangu ya upimaji wa ardhi, hivyo naomba nichangie upande wa koordineti zenyewe.

Swali la pili la Ndugu Fundi lilihusu kanuni nzito zaidi. Dunia si tufe kamili. Kwa vipimo vya WGS84, ambavyo ndivyo simu na GPS hutumia, nusu kipenyo chake kwenye ikweta ni kilomita 6,378.137 na kwenye ncha ni 6,356.752. Kwa sababu hiyo, digrii moja ya latitudo hapa kwetu ina urefu wa karibu kilomita 110.6, wakati tufe la 6,371 huipa 111.2. Safari ya kaskazini na kusini tunaizidishia kama nusu asilimia, na ya mashariki na magharibi tunaipunguzia kidogo sana. Mwanza na Kampala zimepangana karibu kaskazini na kusini, kwa hiyo ile 316.7 yako kwa elipsoidi, yaani umbo la tufe lililobanwa kidogo kwenye ncha, ni karibu 315.0. Kwa kanda za nauli zenye upana wa kilomita 100, tofauti ya kilomita moja na nusu haina uzito. Kwa mipaka ya viwanja ingekuwa kesi mahakamani. Kanuni ya Vincenty ya mwaka 1975 inatoa usahihi wa chini ya milimita, lakini ni ya kurudiarudia hadi jibu litulie, na sioni kwa nini umbebeshe mzigo huo mfumo wa ankara.

Ninachokuomba ukiangalie ni chanzo cha koordineti. Ramani nyingi za zamani za Tanzania, Kenya na Uganda zimechorwa kwa datumu (msingi wa kupimia koordineti) ya Arc 1960, iliyojengwa juu ya elipsoidi ya Clarke ya mwaka 1880. Mahali palepale pakisomwa kwenye ramani hiyo na kwenye simu, namba zinatofautiana kwa karibu mita 300, hasa kwa upande wa kaskazini na kusini. Ikiwa ghala lilipimwa zamani kutoka kwenye karatasi na wateja wanapimwa leo kwa simu, tofauti hiyo inaingia katika kila umbali wako.

Jambo jingine ni dakika. Dar es Salaam huandikwa digrii 6 na dakika 48 kusini. Nimeona makarani wakiandika 6.48. Dakika 48 ni 48 gawanya kwa 60, kwa hiyo ni 6.8. Kosa hilo peke yake linausogeza mji kilomita 35.

---

Msambazaji

Ndugu zangu, ninyi mnabishana kuhusu milimita na mimi nina malori.

Naelewa kwamba hesabu sasa ni sahihi. Lakini huo mstari ulionyooka kutoka Mwanza hadi Kampala unapita juu ya Ziwa Victoria. Lori langu linazunguka kwa Bukoba na Mutukula. Vilevile, kutoka Posta hadi Kigamboni mjini, mstari wenu utasema ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, na kwa kivuko cha Magogoni ni kweli, lakini lori zito linakwenda hadi darajani Kurasini na kurudi. Mteja wa Kigamboni akipewa nauli ya kanda ya kwanza na mteja wa Mbezi akapewa hiyohiyo, mimi ndiye ninayelipa mafuta. Kwa heshima zote, naomba kuuliza: umbali huu una faida gani kwetu?

---

FundiAnkara

Mkuu, hoja yako ni ya haki, na hata ofisini imeshasemwa, tena kwa sauti ya juu kuliko hii.

Faida yake ni katika kuchuja. Tunapopokea oda, programu hutafuta ghala la karibu na kuipanga kanda ya awali, na kwa kazi hiyo mstari ulionyooka unatosha kwa wateja wengi. Dar es Salaam hadi Dodoma kwa barabara ni karibu kilomita 450 dhidi ya 397 za mstari, uwiano wa kama 1.13, na sehemu kubwa ya bara uwiano wetu hauendi mbali na hapo. Pale ambapo kuna maji, uwiano huo hauna maana yoyote. Kwa hiyo nimeongeza jedwali dogo lenye jozi za ghala na wilaya ambazo umbali wake wa barabara tumeupima kwa kilomita za malori yenyewe, na programu hulitazama jedwali hilo kwanza. Kigamboni imo. Kampala imo pia, kwa umbali wa barabara kupitia Mutukula, na ukweli ni kwamba baada ya jasho lote lile haversini haitumiki tena kwa mteja aliyeniletea kisa hiki.

Mpimaji, nashukuru sana. Nimekagua: koordineti za ghala la Dodoma zilikuwa zimesomwa kwenye ramani ya zamani. Nimetuma mtu na simu akasimama getini, na tofauti aliyoipata ni mita 290 na ushee. Kuhusu mwelekeo wa namba, nimeweka pia kizuizi wakati wa kuandikisha mteja: latitudo isipokuwa kati ya −12 na 5, au longitudo isipokuwa kati ya 29 na 42, rekodi inakataliwa. Kizuizi hicho kilimnasa mtu siku ya kwanza. Karani alikuwa ameandika longitudo kwanza na latitudo baadaye, na duka moja la Buguruni lilikuwa limehamia Hispania, karibu na mpaka wa Ureno.

---

NeemaKompaila

Umefanya vizuri kuweka kizuizi. Nina nyongeza fupi ya upande wa kasi, ikiwa wateja ni wengi. Huna haja ya kuiita SIN na COS mara zote hizo kwa kila rekodi wakati wa kutafuta ghala la karibu. Zidisha tofauti ya latitudo kwa 111.2, zidisha tofauti ya longitudo kwa 111.2 na kosini ya latitudo ya katikati, kisha tumia kanuni ya Pythagoras. Kwa Dar es Salaam na Dodoma nimepata 397.3, sawasawa na haversini hadi desimali ya kwanza. Kwa eneo letu na umbali wa aina hii hutaona tofauti.

---

MzeeWaKadi

Marahaba, Neema, nilichelewa kuipokea shikamoo yako.

Kuhusu Pythagoras nakubaliana nawe, ila andika maelezo juu ya msimbo kwamba njia hiyo ni ya latitudo zetu. Mfumo huu umeishi miaka mingi kuliko alivyotarajia aliyeuandika, na yule aliyeacha S hakuwa mjinga. Inawezekana alikuwa ameunakili uga kutoka kwenye faili la bei, na bei haziwi hasi.

---

FundiAnkara

Mzee, umepatia. Nimefukua toleo la zamani, na mistari ile miwili imekaa chini ya nyuga za uzito na bei, zote kwa PIC 9 isiyo na alama.

Narudi kutoa mrejesho. Jana usiku niliendesha hesabu upya kwa wateja wote, nikalinganisha umbali mpya na wa zamani. Kwa Tanzania hakuna kilichobadilika isipokuwa wateja wa ghala la Dodoma, waliosogea kwa mita zile 290 au pungufu, na wawili kati yao wamevuka kutoka kanda moja kwenda nyingine. Kwa Uganda, wote walio kaskazini mwa ikweta wamebadilika kanda. Uongozi umeamua kwamba ankara zilizokwisha kutoka zibaki kama zilivyo na kampuni ibebe hasara.

Amebaki mteja mmoja wa Mwanza ambaye umbali wake ni 0.00, kabla na baada ya marekebisho. Nilidhani ni ule mtego wa desimali, nikakagua HAVA, na yenyewe ilikuwa sifuri kwelikweli. Koordineti zake ni zilezile za ghala hadi tarakimu ya sita. Nilimpigia simu karani aliyemwandikisha, akaniambia kwamba fomu ilitaka koordineti, na siku ile alizichukua kwa simu yake akiwa amekaa mezani kwake, hapohapo ghalani. Kesho asubuhi anakwenda dukani kwa mteja.